Mizani ya Mashuuru: Mtihani Unampima Nani?

Msafiri wa pwani akipanda bara kwa barabara ya Mombasa, akishaipita Makindu na Emali, hufika katika mji mdogo uitwao Sultan Hamud. Wengi wetu huupita usingizini, kichwa kimeegemea kioo cha basi, bila ya kujiuliza jina hilo limefikaje katika nchi ya Wakamba na Wamaasai. Jina ni la Sayyid Hamoud bin Mohammed aliyetawala Unguja tangu 1896 hadi 1902, na lilibaki hapo tangu siku zile reli ilipokuwa ikitandazwa kuelekea bara. Basi ukifika hapo, ukaiacha barabara kuu na kushika upande wa magharibi, unaingia nchi ya Mashuuru, katika kaunti ya Kajiado. Jina la mtu wa Unguja unaliacha nyuma yako, na mbele yako ni vumbi, migunga na kengele za ng'ombe.

Nilikwenda huko si kwa ajili ya elimu bali kwa ajili ya mbuzi. Mpwa wangu ana biashara ya mbuzi, na kila inapokaribia Iddi ya kuchinja hupanda bara kununua. Mara hii aliniomba nimfuate, akasema mzee akiwepo bei huteremka. Bei haikuteremka hata senti. Lakini usiku tulilazwa nyumbani kwa rafiki yake ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, na mazungumzo ya usiku ule ndiyo yaliyoniletea makala haya.

Mwalimu yule alikuwa na sanduku la bati chini ya kitanda. Alilifungua akanitolea karatasi za miaka mingi: matokeo ya mtihani wa zamani wa KCPE, alama za tathmini za mtaala mpya wa umilisi, mahudhurio ya kila muhula, hata hesabu ya madawati yaliyovunjika. Akaniambia, "Mzee, mimi ni mtu wa kupeleka. Kila muhula napeleka alama. Mtandao ukikataa, napanda kilima kile na simu mkononi mpaka zimekwenda. Lakini tangu nianze kupeleka, sijaona cha kurudi."

Nikamuuliza, "Kurudi vipi, mwalimu?"

"Kuniambia watoto wangu wamekosea wapi, na nifanye nini Jumatatu."

Ndugu msomaji, maneno hayo sikuyasahau. Mpwa wangu alilala, nami nikabaki nayo mpaka kukacha. Kwani humo ndimo limo jambo lote ambalo wakubwa wa elimu, hapa kwetu na katika nchi nyingi zinazoendelea, wanalijadili kwa vitabu vinene: mitihani na tathmini tunazowafanyia watoto zitumikeje ili siasa ya elimu iwe bora? Mwalimu wa Mashuuru ameliuliza kwa neno moja. Kinachopanda kinateremka?

Mimi nilianza kusoma chuoni kabla ya skuli. Maalim wetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, hakuwa na daftari la alama. Alikuwa na masikio. Kila asubuhi kila mtoto humkalia mbele, akasikilizwa yale aliyopewa jana. Akiwa ameyahifadhi hupewa mapya, na akikwama hurejeshwa palepale alipokwama, wala haambiwi kuwa yeye ni wa arubaini katika watoto arubaini. Kipimo na dawa vilikuwa mahali pamoja, na baina yao hapakupita hata saa moja.

Sitaki kumpamba maalim kupita kiasi. Bakora alikuwa nayo, na alichokipima kilikuwa kuhifadhi, hakikuwa kufahamu. Mtoto aliweza kuisoma sura nzima bila kukosea irabu, asijue neno moja maana yake. Sisi watunga mashairi tunaijua ila hiyo. Ubeti unaweza kutimia vina na mizani, nane kwa nane, na ndani yake pasiwe na kitu. Kwa hivyo suali la kwanza la kila kipimo ni kujua kinapima nini.

Na hapa historia yetu ya Kenya ina funzo. Mtihani wa CPE, uliokuwa ukifunga darasa la saba mpaka mwanzo wa miaka ya 1980, ulikuwa na karatasi ya Kiingereza, ya hesabu na ya maarifa ya jumla. Kiswahili hakikuwamo. Matokeo yake yalionekana katika skuli nyingi: somo lisiloulizwa lilisogezwa pembeni. Mtaala wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Kiswahili kikafanywa somo la lazima na la kutahiniwa, na mimi ni katika watoto wa mtihani ule wa kwanza wa KCPE wa mwaka 1985. Niliona kwa macho yangu vitabu vya Kiswahili vikitolewa kabatini na kupanguswa vumbi. Lugha ilikuwa ileile ya mwaka uliotangulia. Kilichobadilika ni karatasi. Kisichopimwa hakifundishwi, na kinachopimwa vibaya hufundishwa vibaya.

Kabla ya hapo, katika miaka ya 1970, alikuwako mtaalamu aitwaye H.C.A. Somerset aliyefanya kazi na Wizara ya Elimu kuutengeneza ule mtihani wa CPE. Mwaka 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani ulikuwa umetoa ripoti kubwa juu ya ajira na usawa katika Kenya, na mitihani ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyotazamwa, kwani ndiyo iliyoshika ufunguo wa nani aendelee na nani abaki. Somerset na wenziwe wakafanya mambo mawili. Kwanza waliyabadili maswali yenyewe, yapunguze kumuuliza mtoto anachokumbuka na yazidishe kumuuliza anachoweza kukifikiri na kukitumia katika maisha ya kijijini. Pili, matokeo yakarudishwa shuleni. Wilaya na shule zikawekwa katika orodha ya kufuzu, na pamoja na orodha kukapelekwa jarida lililoeleza, swali kwa swali, watoto walikosea wapi na kwa nini walikosea hivyo, na mwalimu afundishe vipi ili kosa lisirudi.

Angalia mambo hayo mawili yalivyoshikana. Orodha ilimtia mwalimu haya na hamu, na jarida lilimwonyesha njia. Orodha peke yake ingemfedhehesha tu mtu asiyejua afanyeje. Na kilichotokea ni cha kuzingatiwa: mwanzoni pengo baina ya wilaya lilipanuka, kwa sababu wenye nguvu ndio waliowahi kuitumia habari ile. Miaka michache baadaye likaanza kupungua, kwa kuwa wilaya nyingi za nyuma nazo zilikuwa zimejifunza kulisoma jarida na kulifuata. Kipimo kilichorudi na maelezo kiliwainua watu, lakini kilihitaji subira.

Mwalimu wangu wa Mashuuru alizaliwa baada ya jarida lile. Nilipomhadithia alicheka, akasema, "Basi mzee, baba zetu walikuwa mbele yetu."

Sasa nije katika jambo la pili, nalo ni wastani. Mashuuru iko katika kaunti moja na Kitengela, tena katika jimbo moja la uchaguzi, Kajiado Mashariki. Lakini aliyeziona zote mbili atadhani ni nchi mbili. Kitengela imeshikana na Athi River na imemezwa na Nairobi: magorofa, viwanda jirani, benki, na skuli za kulipia zenye mabasi yaliyopakwa rangi ya manjano. Mashuuru ni ya wafugaji. Mtoto hutembea mwendo mrefu kwenda shule, nyumbani lugha ni Kimaasai, na mvua ikikosekana ng'ombe huhama, na kijana wa kiume huhama nao. Ukame ule wa 2020 hadi 2022, misimu ya mvua ikikatika mmoja baada ya mwingine, uliua mifugo mingi mno katika Kajiado. Mwalimu alinionyesha daftari la mahudhurio la wakati huo. Mistari ya watoto kadhaa imeandikwa neno moja tu ubavuni: "Chyulu." Maana yake wamefuata malisho upande wa vilima vya Chyulu.

Sasa tufanye hesabu ya mfano. Chukua watoto 90 wa mjini wenye wastani wa alama 70, na watoto 10 wa malishoni wenye wastani wa alama 30. Wachanganye, wastani wao ni 66. Mkubwa aliye ofisini akiiona 66 atasema kaunti hii si mbaya, atatia saini na kufunga faili. Hakuna aliyesema uongo, na watoto 10 wamezikwa ndani ya 66. Hivi ndivyo Mashuuru inavyoweza kupotea ndani ya Kitengela, na ndivyo kijiji cha bara ya Kwale au cha ukingo wa mto Tana kinavyoweza kupotea ndani ya hesabu za Pwani. Sisi watu wa pwani tumezoea kulalamika kwamba tunasomwa mwishoni yatangazwapo matokeo. Tulalamike, lakini tuulize pia: ndani ya hiyo Pwani, ni nani hasa wa mwishoni? Mtoto wa mjini Mombasa mwenye mwalimu wa ziada jioni hayuko mahali pamoja na mtoto wa kisiwani anayengoja maji yajae ndipo avuke kwenda skuli.

Jambo la tatu linanigusa mwenyewe, na niliwahi kuliandika kwa mashairi lakini sijawahi kuliandika kwa nathari. Nina ndugu yangu mdogo. Chuoni alikuwa mwepesi kuniliko mimi. Skulini alikuwa mzito wa kusoma, na leo nafikiri yalikuwa macho, lakini siku zile hapakuwa na aliyemtazama macho. Alipofika darasa la saba, mwalimu mkuu alimwita baba akamwambia kwa upole kwamba mtoto arudie darasa, asije akaushusha wastani wa skuli. Akarudia. Mwaka uliofuata akaambiwa vilevile. Mwaka wa tatu alitoka nyumbani na mkoba wa vitabu, akauacha kwa bibi yetu, akashuka pwani na wavuvi. Leo ni nahodha hodari, ana watoto na wajukuu, alhamdulillahi. Lakini karatasi ya stima ikija huniletea mimi nimsomee, na huniletea mkewe asipokuwapo.

Katika hesabu za skuli ile ndugu yangu hakuanguka. Hakuanguka kwa sababu hakufanya mtihani. Mwaka ule skuli ilisifiwa, na baba, maskini, alikwenda kwenye sherehe.

Sikulijua hilo kuwa ni jambo la dunia nzima mpaka niliposoma habari za jirani zetu. Tanzania mwaka 2013, baada ya matokeo mabaya sana ya kidato cha nne ya mtihani wa 2012, ilianzisha mpango ulioitwa Matokeo Makubwa Sasa. Mojawapo ya mambo yake lilikuwa kuzipanga shule zote za msingi kwa matokeo ya darasa la saba na kuyatangaza. Watafiti Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin wakafuatilia kilichotokea. Waliona kwamba shule zilizokuwa chini kabisa katika wilaya zao zilipandisha kufaulu. Hilo ni jema. Lakini waliona pia kwamba katika shule hizohizo idadi ya watoto waliofika kufanya mtihani ilipungua. Nilipofika hapo nikaweka karatasi chini. Nilimwona ndugu yangu na mkoba wake.

Kenya nayo imeonja ladha hiyo. Mwaka 2014, wakati wa Waziri Jacob Kaimenyi, serikali iliondoa upangaji wa shule na watahiniwa kwa nafasi, ikiona mashindano yamevuka mpaka. Na udanganyifu ulikuwa umeota mizizi. Mwaka 2015 watahiniwa waliopata alama ya A katika mtihani wa KCSE walikuwa zaidi ya 2,600. Mwaka 2016, baada ya Waziri Fred Matiang'i kukaza usimamizi, walikuwa 141. Mwaka mmoja baina yao! Haiwezekani akili za vijana wa Kenya ziwe zimeyeyuka kwa miezi kumi na miwili. Kilichobadilika ni mizani. Sisi tuliosoma chuoni tunajua kwamba ipo sura nzima iliyopewa jina la wale wapunjao vipimo. Mfanyabiashara akipunja pishi ya mchele anamdhulumu mnunuzi mmoja. Anayepunja mtihani anaidhulumu nchi, kwa kuwa serikali itapanga walimu, vitabu na fedha kwa hesabu ambayo si ya kweli.

Basi tufanyeje? Tuache kupima? La. Mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini inafaa tutenganishe aina mbili za kupima ambazo tumezichanganya kwa miaka mingi.

Kuna kupima kwa kuchuja. Huo ni mtihani wa kuamua mtoto yupi aende wapi. KCPE ilikuwa hiyo, na ya mwisho ilifanywa mwaka 2023. Na kuna kupima kwa kujua, ambako hakumhukumu mtoto wala mwalimu, bali hutaka kujua hali ya elimu yenyewe. Mpishi akitaka kujua chumvi hanywi sufuria nzima ya mchuzi. Huonja kijiko kimoja, ila lazima kwanza aukoroge, chini na juu. Ndivyo wafanyavyo watu wa SACMEQ, umoja wa wizara za elimu za kusini na mashariki ya Afrika uliosaidiwa na taasisi ya UNESCO ya Paris. Kenya na Zanzibar zilikuwamo tangu awamu ya kwanza katika miaka ya 1990. Huchagua baadhi ya shule na kuwapima watoto wa darasa la sita kusoma na hesabu, tena huuliza kama mtoto ana kitabu na ana pa kukalia. Baraza la Mitihani la Kenya nalo lina tathmini zake za namna hiyo.

Na kuna kijiko kingine kilichotuunguza ulimi. Mwaka 2009 mpango uitwao Uwezo ulianza katika Kenya, Tanzania na Uganda, ukifuata mfano wa Bara Hindi. Watu wa kujitolea hawakwenda shuleni, walikwenda majumbani. Walibisha hodi, wakamwomba kila mtoto asome hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili na afanye hesabu ndogo, awe anasoma au hasomi, yupo shule au yuko malishoni. Walipotoa habari za Kenya, ilionekana kwamba katika kila watoto kumi wa darasa la tatu, ni watatu tu au karibu na hapo walioweza kazi ya darasa la pili. Nchi ilikuwa imefungua milango ya shule bila ada tangu 2003, na watoto walikuwa wamemiminika: kutoka milioni 5.9 mwaka 2002 hadi milioni 7.2 mwaka 2003. Tulihesabu waliokaa madarasani tukafurahi, na Uwezo ukatuuliza wamejifunza nini. Kwangu mimi kubwa zaidi ni ile hodi. Kwa hesabu ya namna hiyo, mtoto wa Chyulu anaonekana. Ndugu yangu angeonekana.

Na baada ya kujua, je, ilifaa kitu? Ilifaa. Mwaka 2007, hapa kwetu Malindi, shule 40 zilipimwa kusoma kwa watoto wa madarasa ya chini, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Mtoto alikaa na mpimaji ana kwa ana na kusikilizwa, herufi kwa herufi na neno kwa neno. Niliposikia nilisema, loo, maalim amerudi! Ilionekana kwamba wengi walikuwa hawajui kusoma sawasawa, na nusu ya shule zile, yaani 20, zikapewa mafunzo. Majaribio ya namna hiyo yaliendelea mahali pengine, na mwaka 2015 ukaanzishwa mpango wa Tusome katika shule za msingi za serikali nchi nzima, kwa ushirikiano wa Wizara na shirika la Marekani la USAID. Ndani yake kila mtoto wa madarasa ya chini alikusudiwa kupata kitabu chake, mwalimu alipewa mwongozo wa kila somo, na maofisa wa elimu walitembelea madarasa na vishikwambi, wakiwasikiliza watoto wachache wakisoma na kumshauri mwalimu palepale. Kusoma kukapanda. Somo lake ni lile la jarida la CPE: habari haikukaa juu, ilishuka mpaka mezani kwa mwalimu. Lakini lipo onyo pia. Shirika la USAID lilifungwa na serikali yake mwaka 2025. Mizani ya kuazima mwenyewe huichukua siku yoyote, na anayetegemea kijiko cha jirani asilaumu akikuta mlango umefungwa.

Katika mtaala wa umilisi tuna nafasi mpya. Tathmini ya kitaifa ya mwisho wa shule ya msingi, KPSEA, ilifanywa mara ya kwanza mwaka 2022, na alama za darasani za gredi zilizotangulia huhesabiwa pamoja nayo. Hilo ni badiliko la maana: mtoto hahukumiwi kwa siku moja. Lakini kila mzigo uliowekwa juu ya alama ya darasani unamjaribu mwalimu. Alama ikiwa ni ya kumsaidia mtoto, mwalimu ataandika kweli. Ikiwa ni ya kumwaibisha mwalimu, ataandika inayompa salama. Mwalimu wa Mashuuru aliniambia bila kuficha, "Mzee, nikiandika wote hawajafikia, nitaulizwa mimi. Nikiandika wamefikia, hakuna atakayeuliza." Hakunena kwamba ameandika uongo, nami sikumuuliza. Mgeni ana adabu zake.

Kwa hivyo nayasema haya machache kama mzee wa kalamu, si kama mtaalamu. Matokeo yasomwe kwa tarafa na kata, si kwa kaunti peke yake, ili Mashuuru isizikwe ndani ya Kitengela. Pamoja na idadi ya waliofaulu ichapishwe idadi ya waliostahili kufika wasifike, na shule iulizwe habari zao kwanza. Kila shule irudishiwe maelezo ya makosa ya watoto wake kwa lugha nyepesi, mapema, kabla watoto hao hawajavuka kwenda darasa jingine. Na kipimo cha kujua kisigeuzwe fimbo ya kumpigia mwalimu, kwani siku kitakapogeuzwa fimbo kitaacha kusema kweli.

Mwisho ni fedha. Tangu 2003 fedha za elimu ya msingi bila malipo zimekwenda kwa kichwa cha mwanafunzi. Mwaka ule ilikuwa shilingi 1,020 kwa mtoto kwa mwaka. Kichwa ni kipimo cha haki kwa skuli ya watoto elfu. Kwa shule ndogo ya malishoni, ambayo ukame umeipunguza watoto, kichwa ni kipimo cha adhabu: watoto wakiondoka kwa njaa, na fedha zinaondoka nao, na wanaobaki wanazidi kukosa. Kama tunazo habari za nani hajui kusoma na yuko wapi, basi fedha, walimu na uji wa mchana vifuate habari hizo. Vinginevyo tunapima kwa nini?

Asubuhi kabla hatujaondoka mwalimu alinipeleka darasani. Alinitambulisha kwamba huyu ni mzee wa Kiswahili kutoka pwani, na watoto wakanitazama kama walioletewa mfalme. Msichana mmoja wa gredi ya sita alisimama kunisomea kitabuni habari ya mvuvi na wavu wake. Alisoma vizuri, bila kukwama, sauti nzuri. Nilipomaliza kumsifu nikamuuliza, "Mwanangu, wavu ni nini?" Akanyamaza. Kule hakuna bahari. Nikachukua chaki nikachora ubaoni wavu, ngalawa na samaki, nikawahadithia habari za ndugu yangu nahodha. Kisha nikamwambia anihadithie yeye habari ya mvuvi kwa maneno yake, na akaihadithia, hata akaongeza ya kwake, akasema wavu ni kama boma, ila la samaki.

Kazi ile ilichukua dakika kumi. Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni. Alitoa kalamu mfukoni, akaandika kitu katika daftari lake, na safari hii hakupanda kilimani. Alirudi mbele ya darasa akauliza, "Nani mwingine hajui wavu ni nini?" Mikono ikainuka, mingi kuliko nilivyodhani.